Filta ya dashikamu ya kujitengenezea: bomba, miwani, printa ya 3D au kitambaa tu?

Wakuu, kuna ugonjwa mmoja wa dashikamu, ile kamera ya kwenye kioo cha mbele inayorekodi barabara, ambao dukani hawakwambii. Unafunga kamera vizuri, unapiga misele siku mbili tatu, jioni unafungua video unakuta dashibodi yako inaelea juu ya barabara kama mzimu, matundu ya AC yanaonekana, risiti ya sheli inaonekana, tasbihi uliyoiacha pale juu inaonekana, ila namba ya yule jamaa aliyekuchomekea pale Mbezi haisomeki hata kidogo. Mimi nimekaa na huo ugonjwa karibu mwaka mzima kwenye ki-IST changu, nimejaribu njia nne, mbili zimenila hela kidogo kidogo na moja ilitaka kuniletea balaa barabarani, kwa hiyo naandika hapa umsikilize aliyeungua kabla na wewe hujaanza kukatakata mabomba.

Dawa inayotajwa kila mahali ni filta ya polaraiza, kile kioo cha giza cha kukata mng'ao, wengi tunaiita CPL. Shida ni kwamba dashikamu nyingi hazina yale meno ya kuzungushia filta mbele ya lenzi kama kamera kubwa. Kampuni chache kama Viofo zinauza CPL ya kupachika kwenye baadhi ya kamera zao, kama yako ni mojawapo agiza hiyo yao yaishe. Sisi wengine ndio tunahitaji adapta, yaani kile kipande cha katikati kinachoshika filta mbele ya lenzi, na hapo ndipo kila mtu ana lake.

Kwanza jaribu bure

Kabla hujatoa hata mia, fanya mambo mawili.

La kwanza, waambie vijana wanaokuoshea gari waache kupaka ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Gari linatoka linanukia na dashi inameremeta kama imepakwa samli, mteja anafurahi, halafu ule mng'aro wote unapanda kwenye kioo cha mbele na kuingia kwenye kamera. Chukua kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, futa mpaka dashi irudi kuwa butu. Kuna watu tatizo lao linaishia hapo na nisingependa wanunue filta.

La pili, azima miwani ya jua ya polaraizi. Saa sita mchana, gari liko juani, fungua video ya moja kwa moja ya kamera kwenye simu yako, weka kioo kimoja cha miwani mbele ya lenzi kimekaa vilevile kama ungekivaa, halafu kizungushe taratibu robo duara. Mzimu wa dashi ukififia na kurudi, filta itakusaidia. Usipobadilika kabisa basi ama hiyo miwani ni ya giza tu na sio polaraizi (mitaani zipo nyingi zimebandikwa stika ya uongo), ama ukungu unaouona ni uchafu wa kioo chako kwa ndani, ile filamu ya mafuta mafuta inayojijenga taratibu, na hapo dawa ni kufuta kioo.

Kwa nini miwani inafanya kazi? Mwanga ukigonga kioo kwa mshazari na kurudi, unarudi umepangika zaidi upande mmoja. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliliona hilo mwaka 1808 akiangalia jua la jioni likimeremeta kwenye madirisha ya Jumba la Luxembourg pale Paris, akiwa ameshika kipande cha kalsaiti, jiwe linalopitisha mwanga, jichoni, akakizungusha, akaona mmeremeto unabadilika. Yaani tatizo lako la IST lina zaidi ya miaka mia mbili. Filta ya polaraiza inauzuia ule mwanga uliopangika na kuuachia mwingine wa barabarani. Ila inazuia vizuri kabisa pale tu mwanga unapogonga kioo kwa digrii kama 56 hivi ukipima kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya kioo, na kwa kuwa lenzi ya dashikamu inaona pana mno, sehemu moja ya picha itasafika kabisa na nyingine itabaki na kivuli kidogo. Hiyo ni kawaida, usije ukadhani umepigwa.

Na sisi huku karibu na ikweta tunaipata mbaya zaidi, saa sita jua liko utosini, linapita kwenye kioo na kutua moja kwa moja juu ya dashi.

Nimepimia nini

Nimezipima njia zote nne kwa mambo yaleyale matano.

Usiku. Hili nimeliweka mbele makusudi kwa sababu ndilo linalosahaulika. CPL ya kawaida inakula nusu ya mwanga mpaka robo tatu. Mchana huo mwanga upo wa kumwaga, usiku haupo, na barabara zetu nyingi ukishatoka mjini taa hakuna, kamera inajikuta inafungua shata (mlango wake wa mwanga) muda mrefu na namba za magari zinageuka mstari mweupe. Kwa hiyo swali la kwanza la adapta yoyote ni: naweza kuitoa kwa mkono mmoja kabla ya magharibi bila kuing'oa kamera nzima?

Joto. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inapita digrii 65 kwa urahisi, na kamera imebandikwa kwenye kioo cha mbele hapo hapo juu yake. Kinachoshika vizuri sebuleni sio lazima kishike pale.

Pembe nyeusi. Filta ikikaa mbali na lenzi, kingo za pete zinaingia kwenye picha. Hesabu yake ni rahisi: kamera inayoona upana wa digrii 140, kila milimita moja unayoisogeza filta mbele unahitaji karibu milimita 2.75 za ziada kutoka katikati kwenda ukingoni. Filta ya saizi 37, yaani meno yake yana kipenyo cha milimita 37, ina uwazi wa kama milimita 34, nusu yake 17, gawa kwa 2.75 unapata 6. Yaani ukivuka milimita 6 kutoka kwenye lenzi unaanza kuona weusi kwenye pembe, na kwa kuwa lenzi yenyewe ina upana wake, punguza tena moja au mbili. Kamera ya digrii 120 inakusamehe, unafika karibu 10.

Kuzungusha. Polaraiza ikikaa vibaya kwa robo duara haifanyi kitu, kwa hiyo lazima uweze kuiseti, na ikishasetiwa isijizungushe kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi.

La mwisho, mfuko na mikono: inagharimu nini na inataka ufundi gani.

Njia ya kwanza: pete ya bomba na CPL ya kamera

Hii ndiyo ya wengi. Unanunua CPL ndogo ya kamera, 37 au 40.5, halafu unatengeneza pete ya plastiki inayokaa kwenye shingo ya lenzi ya dashikamu, unaunganisha.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilitumia kifuniko cha chupa ya maji, nikakata juu nikabaki na pete safi kabisa, rangi nikapuliza nyeusi, nikajiona injinia. Nikagundisha CPL kwa super gluu. Asubuhi nakuta mambo mawili: lenzi imepata ukungu mweupe, kwa sababu moshi wa ile gundi ukifungiwa sehemu ndogo unatua kwenye kioo na kugandia, na siku ya tatu tukiwa tunaitafuta Chalinze saa saba mchana pete ikabanduka, ikagonga dashi, ikabingirika chini ikaenda kukaa jirani na pedeli ya breki. Mke wangu ndiye aliyeinama kuitoa huku mimi nimeganda nashika usukani kama mwanafunzi. Vifuniko vya chupa vimetengenezwa kwa plastiki ya jamii ya polithini, na hiyo gundi za kawaida haziishiki kabisa, inakaa kwa huruma tu mpaka joto lije.

Kwa hiyo tumia PVC. Nenda hadiwea, omba kipande cha bomba au soketi, wengi watakupa mabaki bure, ila nenda na kamera yako au na kipimo cha shingo ya lenzi, usikadirie kwa jicho. Kata kwa msumeno wa chuma, sugua kwa msasa juu ya kioo au vigae mpaka ukae bapa. Kwa ndani pitisha tepu ya umeme mzunguko mmoja mmoja mpaka ibane shingo bila kulazimisha. Gundi ni ile ya tyubu mbili za kuchanganya, kama Araldite, uigundishe pete ikiwa mbali na kamera na uiache ikae siku nzima kabla ya kuipachika.

Usiku: hapa kuna ujanja ambao nautetea mpaka kesho. Usiigundishe CPL yenyewe. Tafuta filta ya UV (ile ya kioo cheupe ya kukinga lenzi) ya saizi ileile iliyovunjika kioo, wapiga picha wanazo wanatupa, toa vioo vyote, ubaki na pete ya chuma yenye meno. Gundisha hiyo kwenye PVC. Sasa CPL inazungushwa inaingia, inazungushwa inatoka, na meno ya kiwandani hayachoki. Ukigundisha CPL moja kwa moja, kila jioni utakuwa unavuta pete nzima kwenye shingo ya kamera na kioo cha mbele kikiwa cha moto ile gundi ya kamera inaanza kulegea. Ubaya wa ujanja huu ni kwamba umeongeza milimita kadhaa, rudi kwenye hesabu ya pembe nyeusi, kata PVC iwe fupi kadiri uwezavyo.

Joto: PVC inaanza kulainika kwenye digrii 75 mpaka 80 hivi, kwa hiyo inapumua lakini ipo. Gundi ya bunduki, ile ya vijiti, usithubutu, gari likilala juani inageuka ugali.

Pembe nyeusi: ndiyo mtihani mkubwa wa njia hii. Kama kamera yako inaona pana sana chukua filta kubwa zaidi kidogo, ila sio 52 au 58, uzito unaivuta kamera chini na mshiko wa kunyonya kioo haupendi hivyo.

Kuzungusha: hakuna inayoishinda, CPL ina pete yake ya kuzunguka imejengewa. Hakikisha gundi inagusa pete ya nyuma tu isiyozunguka, ikipenya kwenye ile ya mbele umejifunga.

Mfuko na mikono: filta ndiyo gharama, mengine ni vijisenti. Ufundi wa kawaida tu, aliyewahi kufunga koki anaweza.

Inamfaa anayeendesha mchana na usiku, na mwenye kamera yenye shingo ya duara iliyotokeza. Kama lenzi yako imezama ndani ya mwili wa kamera, bomba halina pa kushika.

Njia ya pili: kipande cha miwani au filamu ya TV

Hapa hakuna adapta ya maana, unakata polaraiza bapa na kuishikiza mbele ya lenzi kwa dabo tepu nyembamba pembeni, au kwa kifremu cha kadi ngumu nyeusi.

Malighafi ziko mbili. Ya kwanza ni miwani ya polaraizi ya zamani. Chagua ya kijivu, za kahawia na kijani zinabadilisha rangi na anga inakuwa kama chai. Ila elewa kwamba miwani ya jua ya kawaida ya giza, ile daraja la 3, inapitisha asilimia 8 mpaka 18 tu ya mwanga. CPL ya kamera inapitisha robo mpaka nusu. Kwa hiyo hata mchana wa mawingu kamera itaanza kuhangaika, na shata ikichelewa namba ya gari linalokuja mbele inavurugika.

Ya pili ni filamu ya skrini ya TV au monita iliyovunjika, na hii ni bora kuliko miwani. Nenda kwa fundi TV, kila fundi ana lundo la paneli zilizopasuka anangoja mtu azibebe. Paneli ina filamu mbili za polaraiza, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele kwenye TV nyingi imepakwa kitu cha kuzuia mng'ao, ni kama kioo cha bafuni, ukiiweka kwenye kamera picha inakuwa na ukungu. Ya nyuma ndiyo safi, ibandue hiyo. Vaa glavu, vioo vyake ni vyembamba vinakata vibaya. Gundi inayobaki ni kero, nilitumia siku nzima na spiriti, kitambaa laini na matusi. Filamu hii ni polaraiza ya mstari na sio ya duara kama CPL, ila kwenye dashikamu haina neno, ya duara iliwekwa kwa ajili ya kamera kubwa zenye kioo cha kugeuza picha na fokasi yake, dashikamu haina hayo.

Na kama mtu atakuletea miwani ya 3D ya sinema, ile ya plastiki wanayogawa mlangoni, inafanya kazi pia lakini igeuze: upande unaokaa jichoni ndio uangalie barabara. Ukiiweka kama ilivyo utazungusha mpaka uchoke na mzimu utabaki palepale.

Usiku: udhaifu mkubwa. Dabo tepu haikupendi ukiibandua kila siku. Wanaofanikiwa wanatengeneza kadi nyeusi yenye mdomo kama mfuko wa leso, filamu inachomekwa na kuchomolewa, kadi ndiyo inabaki. Joto: filamu yenyewe ndiyo inachoka, joto na unyevu wa pwani vinaifanya ibadilike rangi au ijikunje, mtu wa Dar, Tanga au Mombasa ategemee kubadilisha mara kwa mara kuliko wa Arusha. Pembe nyeusi: hapa inaongoza, inakaa milimita moja mbili kutoka kwenye lenzi na unaikata kubwa utakavyo. Kuzungusha: unaseti mara moja tu wakati wa kubandika, kwa hiyo piga alama ya juu kwa kalamu kabla ya kukata, miwani inavyovaliwa ndivyo inavyotakiwa kukaa, filamu ya TV ijaribu kwanza maana nyingine zimekaa kimshazari.

Mfuko: karibu bure. Mikono: mkasi mzuri na uvumilivu.

Inamfaa mwenye kamera ya lenzi iliyozama, mwenye kamera ya digrii 140 kwenda juu, na yule anayetaka kuonja kwanza kabla ya kununua. Pia dereva wa mchana tu, mwalimu anayeenda shule na kurudi saa kumi, huyo filta ikae hapo hapo tu.

Njia ya tatu: adapta ya printa ya 3D

Siku hizi watu wenye printa wapo, Dar, Nairobi, Arusha, hata vyuoni utawakuta, na kwa modeli maarufu za kamera michoro ipo tayari mtandaoni unampelekea fundi anachapa.

Joto ndilo linaloamua kila kitu hapa kwa hiyo nalitanguliza. Watu wengi wanachapa kwa plastiki inayoitwa PLA kwa sababu ndiyo rahisi, na PLA inalainika kwenye digrii 60 hivi. Soma tena juu nilivyoandika dashi inafika ngapi. Rafiki yangu alichapiwa adapta nzuri sana, imekaa kama ya kiwandani, wiki ya kwanza ilikuwa duara, wiki ya pili yai. Mwambie fundi atumie PETG, inavumilia mpaka karibu 80, au ABS ambayo inafika 100 na kidogo. Fundi akikwambia PLA ni sawa tu kwa sababu ni kitu kidogo, mshukuru uondoke.

Usiku: inategemea mchoro. Adapta nzuri inapachikwa kwenye mwili wa kamera kwa kubana na kuchomoka, unaitoa na filta yake kwa pamoja kwa vidole viwili, hapo inaipita hata PVC yangu. Ila mchoro mbaya unabana mno, na ukivuta kwa nguvu unaibandua kamera nzima nzima kwenye kioo. Pembe nyeusi: mchoro ukipimwa vizuri filta inakaa karibu kabisa na lenzi, hata ile ya lenzi iliyozama inawezekana kwa sababu adapta inashika mwili wa kamera na sio shingo. Kuzungusha: sawa na njia ya kwanza maana CPL ni ileile. Meno yaliyochapwa yanalika mapema, kwa hiyo hata hapa ile pete ya chuma ya UV inafaa, ichorewe nafasi yake.

Mfuko na mikono: CPL iko palepale, unaongeza ya fundi, na kama hakuna mchoro wa kamera yako unalipia na kuchora, ambako ndiko gharama inakoumuka. Wewe mwenyewe hukati wala hugundishi kitu, ila unahitaji vipimo sahihi, na kupima kwa rula ya shule ni kujidanganya, azima kalipa, kile kipimio cha mafundi cha kubana. Tegemea toleo la kwanza halitaingia, la pili litabana, la tatu ndio lenyewe, kwa hiyo patana bei ya majaribio mapema.

Inamfaa mwenye kamera ya umbo la ajabu, anayejali muonekano, na mwenye magari kadhaa ya kamera moja, mchoro mmoja unachapa kumi.

Njia ya nne: kitambaa cheusi, hakuna filta

Nimeiweka humu kwa haki kabisa kwa sababu inatibu kitu kilekile kutoka upande wa pili. Badala ya kuzuia mwanga kwenye lenzi unauzuia dashi isiutoe. Kitambaa cha mahameli nyeusi, butu, kinakatwa kwa umbo la dashi kinatandazwa. Sio nailoni wala satini, hizo zinang'aa.

Usiku: hakuna cha kutoa, kamera inabaki na mwanga wake wote, na hapa inazipiga zote tatu. Pembe nyeusi na kuzungusha: havihusiki. Joto: kitambaa kinapauka na jua, baada ya miezi kinakuwa kijivu na mzimu unaanza kurudi taratibu. Mfuko: mita moja ya kitambaa na fundi cherehani wa kupinda kingo.

Sasa mabaya yake. Kwanza muonekano, gari lako litafanana na kiti cha bi harusi wa msiba, mimi mke wangu alikataa kata kata. Pili, magari mengi ya Kijapani yana mfuniko wa ebegi ya abiria juu ya dashi, pale usitandaze wala usigundishe kitu, kata kitambaa kiuache wazi, na hiyo sehemu iliyobaki wazi ndiyo itakayoendelea kung'aa. Tatu, kitambaa hakigusi mng'ao wa nje, lami iliyolowa mvua au kioo cha gari la mbele vitabaki vilevile, wakati polaraiza inavipunguza navyo.

Inamfaa anayeendesha zaidi usiku, madereva wa mtandao wanaokesha, malori, na yeyote ambaye gari sio lake na hataki kugundisha chochote.

Kwa hiyo uchukue ipi

Unasafiri mikoani, unatoka saa kumi alfajiri unafika saa mbili usiku, mwanga unabadilika njiani: njia ya kwanza na pete ya UV, au ya tatu kama mchoro wa kamera yako upo. Vyote viwili vinakupa uhuru wa kutoa na kurudisha ukiwa umesimama kwenye kituo cha kuchimba dawa.

Uko mjini, foleni ya asubuhi na ya jioni, gari linalala saa moja: filamu ya TV inakutosha na hela unabaki nayo. Ukiwa na miwani tu, tumia miwani ila angalia video ya siku ya mawingu kabla hujaridhika.

Unakesha barabarani: kitambaa. Ukilazimika kuwa na filta basi iwe ya kutoka kwa kidole kimoja, kwa sababu najua utasahau.

Kamera bado ina waranti: achana na gundi yoyote kwenye mwili wake, pete ya PVC inayobana kwa tepu au adapta ya kubana tu.

Hujawahi kufanya kazi ya mikono na huna hamu ya kuanza: safisha dashi, safisha kioo kwa ndani, weka kitambaa, ukae wiki mbili uone kama bado unaumwa.

Na mwenye kamera ya nyuma inayopiga kupitia kioo cha nyuma, usiiwekee polaraiza hata kama umepewa bure. Kioo cha nyuma kimepikwa kwa joto ili kivunjike vipande vidogo, na ukikiangalia kwa polaraiza kinaonyesha madoa madoa kama ngozi ya chui, kila gari linalokufuata litakuwa limepita nyuma ya chui. Kioo cha mbele kimetengenezwa tofauti ndio maana hatulioni hilo mbele.

Mimi kwa sasa niko kwenye PVC na pete ya UV, filta 40.5 kwenye kamera ya digrii 130, pembe mbili za juu zina weusi kidogo kama kucha na nimeshazoea. CPL inalala kwenye kifuko cha miwani ndani ya droo, mke wangu ndiye anayenikumbusha kuitoa jua likizama, mizunguko minne inatoka, asubuhi mizunguko minne inarudi, nimepiga alama mbili za rangi nyeupe, moja kwenye pete na moja kwenye filta, zikikutana najua imekaa.